Mahakama imetoa uamuzi, sasa utajuaje kama unakuhusu?

Februari 2024 jamaa mmoja tunayefanya kazi naye alinionyesha hati yake ya mshahara kwa simu, meno yote nje. Laini ya ada ya nyumba, ile serikali hukata kwenye mshahara kwa ajili ya kujenga nyumba za bei nafuu, ilikuwa imetoka. Yeye hulipwa elfu arobaini kabla ya makato, kwa hivyo ile asilimia 1.5 ilikuwa inamtoa shilingi 600 kila mwezi na mwajiri naye anatoa 600 zake juu ya hizo. "Korti imefuta," akaniambia, "hiyo imeisha." Mwisho wa Machi 600 zikakatwa tena, na jamaa akapanda moja kwa moja hadi kwa mhasibu na skrinshoti ya habari ya Novemba, wakazozana pale mbele ya watu, na ukweli ni kwamba mhasibu hakuwa amekosea kitu.

Hii kitu nimeiona mara nyingi na inaniuma, kwa sababu mtu ana haki yake kweli lakini anaenda kuidai akiwa ameshika makali badala ya mpini. Anasoma kichwa cha habari, anaacha kulipa kitu, au anaacha kudai kitu, halafu mambo yanamgeukia. Kwa hivyo nitaeleza vile mimi husoma uamuzi wa korti hapa Kenya, na nitatumia sana hiyo ada ya nyumba maanake karibu kila aliyeajiriwa imempitia mfukoni.

Tuifuate hiyo 600 kwanza

Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya ushuru iliyoleta ada hiyo, ilitiwa saini 26 Juni 2023 na ilikuwa ianze 1 Julai. Tarehe 30 Juni, siku moja kabla, jaji wa Mahakama Kuu akaisimamisha kwa muda. 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa hilo zuio, makato yakaanza. 28 Novemba majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema ada ya nyumba inakiuka Katiba, sababu moja ikiwa kwamba inawabana walioajiriwa na kuwaacha wale wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, bila maelezo ya maana, lakini hao hao majaji, siku hiyo hiyo, wakaruhusu makato yaendelee hadi 10 Januari ili serikali ipate nafasi ya kwenda rufaa. Skrinshoti ya jamaa yangu ilikuwa ya siku hiyo. Ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa nusu ya habari. Muda ukasongezwa kidogo, na 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza mwingine, ndipo makato yakasimama. Halafu 19 Machi Rais akatia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, na hii ni sheria nyingine kabisa, haikutajwa kwenye ile hukumu ya Novemba, na safari hii imewagusa hata wasioajiriwa. 600 zikarudi.

Na haikuishia hapo. 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Sheria yote ya Fedha ya 2023 ni batili kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, watu wakashangilia, wengine wakangoja petroli ishuke kwa sababu ni hiyo sheria iliyopandisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. 20 Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo, na 29 Oktoba ikaupindua. Hesabu mwenyewe, ni miezi kumi na sita na sheria moja, na kila mara gazeti lilikuwa linasema kweli ya siku ile.

Kuu na Juu si kitu kimoja

Swali la kwanza kabisa mimi hujiuliza: ni korti gani imesema? Na hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya, maanake Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu ukisikia kwa redio ukiwa ndani ya matatu unaweza kuapa ni moja. Mahakama Kuu ndiyo kesi nyingi za Katiba huanzia. Juu yake kuna Mahakama ya Rufaa. Kileleni kuna Mahakama ya Juu, ile wengine huiita Mahakama ya Upeo, inayoongozwa na Jaji Mkuu, na Katiba kifungu cha 163(7) inasema uamuzi wake unazifunga korti zingine zote.

Maana yake kwako ni hii, ikiwa uamuzi umetoka Mahakama Kuu jua una ngazi mbili juu yake, unaweza kubadilika, kwa hivyo usifanye mipango mikubwa ya pesa juu yake wiki ya kwanza. Hakimu wa chini atauheshimu, lakini jaji mwingine wa Mahakama Kuu si lazima aufuate, anaweza kuona vingine. Ukitoka Mahakama ya Juu, hapo ndio mwisho wa rufaa, kinachobaki ni Bunge kubadilisha sheria.

Kuna njia rahisi ya kujua bila kuuliza mtu. Hukumu huwekwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, unatafuta kwa jina la wahusika au namba ya kesi. Juu ya kila moja utaona mwaka kwa mabano halafu herufi: KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni Rufaa, KESC ni Mahakama ya Juu. Kama mtu amekutumia picha ya hukumu kwa WhatsApp na haina namba ya kesi, haina tarehe, haina jina la jaji, usiisambaze kwanza. Itafute. Ukiikosa baada ya siku kadhaa, iweke kando.

Angalia kitenzi kilichotumika

Watu wa habari wana vitenzi vyao na kila kimoja kina uzito tofauti. "Yasimamisha kwa muda" maana yake kesi bado haijasikizwa hadi mwisho, korti imesema tu ngojeni kwanza, na kuna tarehe ya kurudi. "Yafutilia mbali" au "yabatilisha", hapo korti imemaliza na imesema hiyo kitu haikubaliki. "Yatupa kesi" ndiyo inapotosha watu zaidi, kwa sababu kesi inaweza kutupwa kwa kuwa imeletwa korti isiyofaa, au imeletwa kama muda umepita, au aliyeileta hakuonyesha ushahidi, na hakuna jaji aliyesema sheria yenyewe ni nzuri. Kesho mtu mwingine anaweza kuileta vizuri na ashinde.

Halafu kuna mswada. Mswada sio sheria! Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa baada ya maandamano ya 25 Juni, Rais alikataa kuutia saini, kwa hivyo hakuna mtu aliyewahi kudaiwa ushuru kwa nguvu ya mswada huo. Hata baada ya saini bado angalia tarehe ya kuanza, kwa sababu Katiba inasema sheria huanza siku ya kumi na nne baada ya kuchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, isipokuwa yenyewe iwe imetaja siku nyingine.

Anzia ukurasa wa mwisho

Hukumu inaweza kuwa kurasa mia mbili, na karibu zote ni za Kiingereza kizito. Usiogope. Kurasa nyingi za mwanzo ni kila upande ulisema nini, na hapo ndipo watu huchukua sentensi ya wakili na kuisambaza ati korti imesema. Wewe shuka hadi mwisho kabisa. Utakuta orodha fupi, (a), (b), (c), hayo ndiyo maagizo, na hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu ya kumlazimisha mtu. Soma kila herufi polepole na ukiwa na kalamu. Piga mstari chini ya majina ya walioamriwa. Piga mstari chini ya tarehe yoyote. Zungushia namba ya kifungu kilichotajwa, kwa sababu mara nyingi kinachofutwa ni kifungu kimoja au maneno matatu ndani ya kifungu, sheria iliyobaki inaendelea kama kawaida.

Ukimaliza, tafuta herufi inayosema maagizo yaanze lini. Kwenye ile hukumu ya Novemba 2023 kama jamaa yangu angefika mwisho angekuta ruhusa ya makato kuendelea hadi Januari. Pia usidhani sheria ikifutwa basi hela zilizokwisha kukatwa zinarudi zenyewe. Kama hakuna herufi inayosema zirudishwe, hazirudi.

Mfano ambao huwa siusahau ni kesi ya Muruatetu. 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira, kunakiuka Katiba. Haikufuta hukumu ya kifo yenyewe, ilifuta ule ulazima. Sasa wafungwa waliohukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu nao wakaanza kurudi kortini kuomba adhabu zao ziangaliwe upya, na korti za chini zikawasikiza, familia zikauza mali kutafuta mawakili, hadi 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kesi za mauaji peke yake. Fikiria mama aliyengoja mwanawe miaka hiyo yote. Ndio maana nasisitiza, angalia uamuzi unataja kifungu kipi cha sheria ipi, usiuvute ukafunika kitu ambacho haukutaja.

Na kesi ya watu wawili tu? Jirani yako akimshinda mwenye nyumba wake kortini, hukumu hiyo inawafunga wao wawili. Wewe mpangaji wa mlango wa pili huwezi kuacha kulipa kodi kwa sababu ya kesi yake. Unachoweza ni kuitumia kama mfano ukienda kortini na yako, hasa kama mikataba yenu inafanana.

Kukata rufaa hakusimamishi hukumu

Hili naomba ulishike sana. Watu wengi wamepoteza gari, ng'ombe, hata fanicha za nyumbani kwa kuamini kwamba wakili akishapeleka rufaa basi wako salama. Hapana. Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Lazima uombe amri ya kusimamisha, na korti inaweza kukuambia uweke dhamana kwanza, na mpaka upewe hiyo amri dalali wa korti anaweza kubisha mlango wako asubuhi na awe yuko sawa kisheria.

Siku nazo zinakimbia. Ukishindwa kesi ya madai mbele ya hakimu una siku 30 kupeleka rufaa Mahakama Kuu. Kesi ya jinai ni siku 14. Kwenda Mahakama ya Rufaa ni siku 14 za kupeleka notisi kwamba unataka kukata rufaa. Hesabu kuanzia siku hukumu iliposomwa, sio siku ulipopata nakala, kwa hivyo siku ile ile omba nakala kwa maandishi na ubaki na barua iliyogongwa muhuri, itakusaidia ukichelewa kwa sababu ya korti yenyewe.

Samansi, ile karatasi ya kukuita kortini, ikikufikia usiifiche chini ya godoro. Nimekaa na mzee mmoja aliyefanya hivyo, deni lilikuwa si lake hata, ni la mtu waliyefanana jina la pili, lakini kwa kuwa hakujibu, hukumu ikatolewa upande mmoja na kuja kuiondoa kulimgharimu kuliko deni lenyewe. Siku za kujibu zimeandikwa humo humo kwenye karatasi. Jibu hata kama unaona ni upuuzi, andika tu mimi siye, na kwa nini.

Kama ni wewe unayedai na ni hela zisizozidi shilingi 1,000,000, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Huko unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Beba risiti, mkataba, na meseji za simu ukiwa umezichapisha kwa mpangilio wa tarehe.

Ukikamatwa kwa kifungu kilichofutwa

Hii hutokea, kwa sababu korti ikifuta kifungu hakitoki chenyewe kwenye vitabu vya zamani vilivyoko stesheni. Mfano, 6 Februari 2017 Mahakama Kuu kwenye kesi ya Okuta ilisema kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kumfanya mtu mhalifu kwa kumharibia mwingine jina, kinakiuka Katiba. Mwaka mmoja kabla, 2016, kwenye kesi ya Andare, kilifutwa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichotumika kuwashika watu kwa walichoandika mtandaoni. Lakini sikiza vizuri, hiyo haimaanishi uandike chochote kuhusu mtu. Aliyeumizwa jina bado anaweza kukushtaki kesi ya madai na ulipe fidia, na 2018 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao yenye makosa yake mengine mapya. Mlango mmoja umefungwa, mwingine umefunguliwa pembeni yake. Kila unaposikia kifungu kimekufa uliza swali la pili: kuna sheria nyingine iliyokuja baadaye kuhusu jambo hilo hilo?

Ukishikwa, usibishane na afisa barabarani kuhusu hukumu. Hata kama una haki, pale si mahali pake. Uliza unashikwa kwa kosa gani, Katiba kifungu cha 49 inasema uambiwe mara moja na kwa lugha unayoelewa. Una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Mwambie mtu wako jina la stesheni na namba ya OB, yaani ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ila kama saa hizo zinaishia usiku au siku korti haifanyi kazi, basi ni hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata, ndio maana anayeshikwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu na isiwe ni kosa la polisi. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza kuwekwa rumande. Ukifika mbele ya hakimu, hapo sasa ndipo unataja jina la kesi na mwaka. Hakimu ataelewa mara moja.

Kupeleka uamuzi kwa mwajiri au ofisi

Turudi kwa jamaa na mhasibu. Njia nzuri si kwenda na skrinshoti na hasira. Pakua hukumu, chapisha ukurasa wa kwanza wenye jina na namba ya kesi na ukurasa wa mwisho wenye maagizo, andika barua fupi: uamuzi huu ni wa tarehe fulani, unahusu kifungu fulani, naomba kuelezwa kwa maandishi makato haya yanafanywa chini ya sheria gani. Swali hilo la mwisho ndilo lenye nguvu. Kama kuna sheria mpya watakuambia jina lake, utulie. Kama hakuna, watakwama, na utakuwa na karatasi mkononi. Ikiwa ni ofisi ya umma, taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21.

Wakati mnaandikiana, endelea kulipa unachotakiwa kulipa. Najua inauma kulipa kitu unachoamini ni haramu, lakini ukiacha mwenyewe na korti ya juu igeuze mambo kama ilivyogeuza Oktoba 2024, deni linakungoja na riba yake. Lipa, weka risiti, na uandike kwamba unalipa huku ukipinga.

Na ikifika mahali unaona haki yako ya Katiba imevunjwa na hakuna anayesikiza, kifungu cha 22 kinakuruhusu wewe mwenyewe kwenda kortini, au mtu mwingine aende kwa niaba yako kama huwezi. Kufungua kesi ya aina hiyo hakutozwi ada, na korti ikihitajika inaweza kupokea hata barua ya kawaida isiyo na muundo wa kiwakili. Andika jina lako, nini kilifanyika, lini, nani alikifanya, na unataka korti iamuru nini. Peleka nakala zaidi ya moja, na moja igongwe muhuri mbele yako urudi nayo nyumbani.